Kliki 140 zimelipiwa, wageni 90 wameonekana: hamsini wako wapi?

Mkuu, umeuliza kama washindani wanakubofyia matangazo makusudi, maana Google Ads imekutoza kliki 140 na Google Analytics, kihesabio cha wageni wa tovuti, inaonyesha wageni 90 tu. Nami niliwaza hivyo hivyo nilipokuwa natangaza safari za Serengeti kwa wateja wa Ujerumani. Kwa hasira nikazima kampeni nzima. Wiki tatu baadaye barua pepe za kuulizia bei zikakauka. Kumbe tangazo lilikuwa linaleta watu, ila kihesabio hakikuwaona.

Nilikuja kuwakuta kwenye logi za seva, yaani kumbukumbu za kila anayefungua tovuti. Nilimwomba jamaa wa hosting, anayenihifadhia tovuti, anipatie, nikatafuta mistari yenye gclid, ile alama ambayo Google huibandika mwishoni mwa anwani mtu anapobofya tangazo. Wengi wa "waliopotea" walikuwemo, na karibu wote walitumia kompyuta. Hapo nikazishuku ekstensheni, vile viprogramu ambavyo watu huongeza kwenye kivinjari, hasa vya kuzuia matangazo. Chukua Adblock Plus: tangu 2011 huyapitisha matangazo inayoona hayakeri, na ya kwenye matokeo ya utafutaji yamo. Mtu akiiongezea EasyPrivacy, orodha ya kuzuia vifuatiliaji, tangazo lako analiona, anabofya, unakatwa hela, halafu skripti ya Analytics, kile kipande cha msimbo kinachohesabu wageni, inazuiwa mlangoni. Mgeni yupo dukani, daftari halina jina lake.

Mwenye uBlock Origin, kizuizi kingine cha matangazo, yeye mara nyingi hata tangazo halioni, kwa hiyo hakugharimu senti. Usihangaike naye.

Kuna ekstensheni moja iliyoundwa kuharibu hesabu kwa makusudi: AdNauseam. Inayaficha matangazo, kisha inayabofya kimyakimya. Google iliiondoa kwenye duka la Chrome Januari 2017. Kliki za namna hiyo Google hujaribu kuzichuja isikutoze, kwa hiyo fungua safu ya kliki batili kwenye akaunti yako kabla hujamtuhumu jirani.

Ila usizisingizie ekstensheni kila kitu. Chrome ya Android haizipokei kabisa. Kama pengo lako liko kwenye simu, mimi ningeanza na picha nzito za ukurasa: mtu anabofya, anaona ukurasa unazunguka tu bila kufunguka, anarudi zake. Kliki imeshahesabiwa.

Siku hizi fomu yangu ina swali "Umetujuaje?" na logi nazipitia kila mwezi. Hebu tuambie kwanza, katika hizo 140, za simu ni ngapi?