Kidole Ndicho Kipimo Changu

Mhariri, swali lenu la wiki hii limeuliza kama fundi mzuri ni yule afuataye maelezo neno kwa neno au ni yule anayejaribu na kuisikiliza hisia yake. Mimi hupika mahamri ya kuuza hapa Majengo, Mombasa, na jibu langu nalitoa jikoni, kwa kuwa ndiko maandishi yaliponiangusha.

Nilianza na karatasi niliyonakili: kilo moja ya unga wa ngano, tui la nazi mbili, hamira kijiko kimoja, sukari, iliki, kisha unga uachwe saa mbili uumuke. Mwezi wa Julai, kusi inapovuma na mji umepoa, maelezo hayo yalinifaa. Ilipofika Machi, kwenye joto la mwisho wa kaskazi, saa zile zile mbili ziliniharibia sinia nzima: donge lilifurika, likashuka lenyewe, likanuka uchachu, na mahamri yakanywa mafuta na kulala bapa ndani ya karai. Sikuwa nimeruka hatua hata moja. Hamira ina uhai, na kadiri joto linavyozidi ndivyo inavyofanya kazi upesi, hadi joto lipite kiasi, liidhoofishe na mwishowe kuiua. Karatasi yangu haikujua ni mwezi gani.

Siku ya pili niligawa donge mara tatu. Fungu la kwanza nililisukuma baada ya dakika 45, la pili baada ya saa moja na robo, la tatu nikaliacha saa mbili kamili, na kila moja nikalibonyeza kwa kidole kabla ya kulikata. Kishimo cha kwanza kilijifuta papo hapo, na mahamri yake yakatoka mazito. Cha pili kilirudi polepole na kubakisha alama, nayo yakafura yote, matupu ndani kama yatakiwavyo. Cha tatu hakikurudi kabisa.

Nazi nayo ina mambo yake, kwani iliyokomaa vizuri hutoa tui zito na ambayo haijakomaa hutoa jepesi. Nyanya yangu alikuwa akimimina tui kidogo kidogo huku akikanda, akakoma unga ulipoacha kumganda vidoleni. Nilidhani anabahatisha, kumbe alikuwa anapima.

Dozi ya dawa, naam, haijaribiwi, na bila karatasi ile nisingejua pa kuanzia. Linaloniuma ni kuona wasichana wakiacha kupika kwa sababu mahamri ya kwanza hayakufura, wakaamini kwamba hawana mkono, ilhali hakuna aliyewaambia kwamba unga huharibiwa mara kadhaa ndipo vidole vijue.

Juzi binti yangu, mwenye miaka 12, aliniuliza, "Mama, zimebaki dakika ngapi?" Nikamwambia anawe mikono, aweke kidole. Alibonyeza, akakitazama kishimo kikijifuta upesi, akasema, "Bado kidogo." Nikaufunika unga tena, tukangoja.