Kukata chasisi ya Beetle kwa ajili ya bagi ya mchangani
Ndugu, umeuliza kama ukate sasa chasisi ya Volkswagen Beetle iliyolala uani kwako Nyegezi au usubiri bodi ya bagi, yaani ya gari jepesi la wazi la kuendesha mchangani. Subiri bodi. Bodi fupi za mtindo wa Meyers Manx, bagi maarufu ya Marekani, hutaka chasisi ipunguzwe inchi 14.5, karibu sentimeta 37. Nyingine hazitaki kukatwa kabisa.

Kwa sasa gonga sakafu kwa nyundo kutafuta bati lililooza, hasa chini ya betri, nyuma kulia. Asidi hula bati pale.

Siku ya kukata, funga chasisi kwenye fremu ya chuma iliyonyooka, uchomelee vipande vifupi ukibadilisha pande, maana joto huipinda. Fimbo ya gia, ile ndefu inayopita ndani ya chasisi hadi gia boksi, ifupishwe pia, na ikiungwa imezunguka hata kidogo, gia zitagoma kuingia. Kebo ya klachi, ya akseleta na bomba la breki vilevile.