Bunduki ya babu yako isiguswe na fundi kabla ya polisi

Ndugu yangu wa Arua, weka msasa chini. Umeandika kwamba mmekuta raifoli ya marehemu babu yako darini, imeshika kutu, na Jumamosi, kwa ushauri wa mjomba wako, unaipeleka kwa fundi wa vyuma aing'arishe kwanza ndipo uende polisi. Ukauliza na mwaka ilipotengenezwa, na kama unaweza kuitundika sebuleni. Huyo fundi asiiguse kabisa!

Ya kwetu Bombo ilikuwa raifoli ya risasi za .303 ya kampuni ya BSA, iliyotengenezwa Birmingham, Uingereza. Babu alipigana Burma mwaka 1944 akiwa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, akarudi akaajiriwa Idara ya Wanyamapori enzi za mkuu wake Kapteni Pitman, wakati askari wa idara walikuwa wakitumwa Bunyoro kuua tembo walioharibu mashamba. Baadaye akanunua yake mwenyewe, kwa kibali. Pale unapoishika kwa kiganja, nyuma kidogo ya chuma, mbao ilikuwa na ufa, kwa sababu nyati alimrusha yeye na bunduki yake karibu na Masindi. Bibi akachukua ngozi mbichi ya nyati yuleyule, akaizungushia ufa ikiwa bado na maji, akaishona kwa sindano ya magunia. Ilipokauka ilibana hadi mbao ikawa imara kuliko ilivyokuwa mwanzo. Mishono ililalia upande mmoja, maana bibi alikuwa wa mkono wa kushoto.

Sisi wajukuu tuliruhusiwa kuishika mishono ile tu, jioni, babu akishaitoa risasi na kumimina maji ya moto mtutuni. Risasi za zamani ziliacha chumvi ndani, na chumvi ile haitoki kwa mafuta, inayeyushwa na maji. Kisha kitambaa kikavu, kisha mafuta. Nyumba nzima ilinukia mafuta yale hadi usiku.

Baba alipofariki akaja mtu matangani, mstaafu wa jeshi, anayeheshimiwa mtaani. Akatuambia polisi hawasajili chuma chenye kutu, watadhani tuliifukia porini, kwa hiyo ipelekwe karakana kwanza. Aliongea kwa uhakika kiasi kwamba hakuna aliyethubutu kumuuliza. Nauliza leo: yeye alijulia wapi? Silaha ya jeshi hukabidhiwa kazini na kurudishwa ghalani. Hajawahi kumiliki bunduki, hajawahi kuomba cheti cha kumiliki silaha, hajawahi kurithi hata panga! Na mambo yalipoharibika hakupokea simu zetu. Watu wa namna hii wako kila kilio, na wewe naona umeshampata wako, huyo "mjomba anayejua mambo ya silaha".

Fundi alifanya alichoagizwa. Aliikata ile ngozi kwa kisu akaitupa kwenye takataka za karakana, akapiga msasa mbao, akapaka vanishi. Halafu akawasha mashine ya kusaga. Tuliporudishiwa ilimetameta kama sufuria ya dukani. Kwenye chuma pale mtutu unapoingia, palipokuwa na nambari, palikuwa laini. Ukipitisha kidole hukuti kitu.

Cheti cha baba tulikuwa nacho, nambari imeandikwa kwa wino, inasomeka vizuri. Afisa akatazama karatasi, akatazama chuma, akauliza, "Nitajuaje kama ni hii?" Hatukuwa na jibu. Baba mdogo alihojiwa hadi usiku: nani kaifuta, kwa nini, imetumika wapi. Usiwalaumu kwa kuuliza. Uganda hii imepita vita vya 1979 na 1986, na huko Karamoja serikali imekuwa ikikusanya silaha za raia tangu 2001. Bunduki iliyosagwa nambari, hakuna afisa atakayesikiliza habari za nyati wa Masindi. Ilibaki kwao, na haikurudi.

Kwa hiyo nambari kwanza, iandikwe na polisi, ndipo mengine yafuate. Na usiibebe mwenyewe kwenye boda! Chini ya Sheria ya Silaha ya 1970, cheti hupewa mtu, na babu yako akishafariki cheti chake hakikulindi wewe njiani. Nenda kituoni mikono mitupu, mwone DPC, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, umweleze iko wapi, uombe waje nyumbani waichukue mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, akiwepo. Mpaka waje, ichukulie kwamba ina risasi ndani. Usivute komeo, kile chuma chenye mkono kinachofungua mahali pa risasi, na usiwaonyeshe watoto.

Kabla hawajafika ipige picha hapohapo ilipo: kitako, kila mkwaruzo, kila msumari alioupiga babu. Kama ni .303 ya kijeshi, tazama upande wa kulia, chini ya mkono wa komeo, mara nyingi utakuta taji, kiwanda na mwaka. Yaani huo mwaka unaoutafuta upo palepale ambapo fundi wako angeanza kusaga. Kutu ikiwa imeufunika, acha, waangalie wao.

Maombi ya cheti kwa jina lako, pamoja na barua ya mahakama ya kusimamia mirathi, yatachukua muda na yanaweza kukataliwa. Lakini utakuwa unabishania bunduki inayojulikana ni ya nani. Wakiondoka nayo, dai karatasi yenye nambari ya bunduki, tarehe, na jina la afisa aliyeipokea, na mwenyekiti atie saini yake hapo.