Kabla Hamjauza Kiwanja cha Muyeye

Ule ujumbe umenifikia mara nne wiki hii, na kila ukipita mkono umeongezwa chumvi. Eti msichana wa Zambia kauzwa Marekani kwa mamilioni, eti mpira wa wanawake sasa ni mgodi, eti sisi wachezaji tulioko huku ng'ambo twaogelea dola na nyumbani twarusha makombo. Nyuma yake likaja swali la mama mmoja wa hapo Malindi: binti yake ana miaka 17, kuna wakala wa wachezaji ataka shilingi 180,000 za "kufungua faili", je, auze kiwanja cha Muyeye? Najibu mara moja, nisije nikajibu mara ya tano nikiwa nimekasirika zaidi.

Huyo Mzambia ni Racheal Kundananji. Februari 2024 alitoka Madrid CFF akaenda Bay FC ya California, na ada iliyotajwa ilikuwa kama euro 735,000, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Pesa hizo zililipwa klabu kwa klabu. Ada ya uhamisho ni bei ya kumtoa mchezaji kwenye mkataba ambao haujaisha, mshahara wake ni hesabu nyingine kabisa. Na wasichana wengi huhama mkataba ukishakwisha, bila ada hata ya soda.

Kwa hivyo na nyinyi makocha wa pale uwanja wa Alaskan, Malindi, mnaongoja "fungu la mlezi", sikizeni. Fidia ya mafunzo, ile inayolipwa klabu zilizomlea kijana, kanuni za FIFA zasema haitumiki kwa mpira wa wanawake. Iko asilimia 5 ya mshikamano, hugawiwa klabu alizopitia mchezaji tangu miaka 12 hadi 23, lakini hukatwa kwenye ada. Pasipo ada, asilimia 5 ya sufuri mnaijua.

Sasa mshahara. Ripoti ya FIFA ya 2025 ilitaja wastani wa dola 10,900 kwa mwaka kwa wachezaji wa kike duniani, na wastani huo umevutwa juu na klabu chache zenye uwezo. Tuseme msichana wetu kapata mkataba wa dola 900 kwa mwezi. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni 116,100. Malindi hizo ni pesa, sikatai. Hapo ndipo watu huanza kumpangia matumizi.

Lakini soma tarehe za mkataba. Klabu nyingi ndogo huandika Agosti 1 hadi Mei 31. Hiyo ni miezi 10. Juni na Julai hakuna mshahara, na chumba cha klabu mara nyingi hurudishwa siku mkataba unapokwisha. Dola 900 mara 10 ni 9,000. Ikiwa zimeandikwa kabla ya kodi na makato yakawa asilimia 20, zabaki 7,200. Zigawe kwa miezi 12 ambayo mtu anakula: 600. Chakula 220, hata klabu ikitoa mlo mmoja baada ya mazoezi. Basi na simu 60. Viatu vya mpira, koti la baridi na karatasi za ukaazi, weka 70 kwa mwezi. Pango la ile miezi miwili ya ukame, likitawanywa mwaka mzima, ni 50. Zimebaki 200. Na kama tiketi ya kurudi haimo kwenye mkataba, toa nyingine 75. Zimebaki 125, yaani shilingi 16,125, kabla hujalipia gharama za kutuma.

Huyo ndiye mnayempigia simu kwamba paa la shangazi linavuja na harusi ya binamu imekaribia, na asipotuma mwasema amesahau alikotoka. Namwambia kila dada anayekuja: miezi mitatu ya kwanza usitume hata senti, jaza akiba ya nauli. Kisha najua simu ya mama ikilia atatuma. Basi tuma ya karo, lipa moja kwa moja shuleni, na mengine waseme watakavyosema.

Baridi sitaizungumza. Nunua soksi nzito, yaishe.

Kinachomaliza wasichana ni mistari minne au mitano kwenye mkataba, na inafaa isomwe kwa lugha unayoielewa kabla ya kalamu kugusa karatasi. Wa kwanza: mshahara ni kabla ya kodi au mkononi? Uandikwe. Wa pili: nyumba, mnalala wangapi, umeme na maji nani alipa, na ukiachwa unatoka baada ya siku ngapi. Tiketi ya kuja na kurudi. Halafu jeraha, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo uongo mwingi ulipo. Wanawake hukatika ile kano ya mbele ya goti kuliko wanaume, na kurudi uwanjani huchukua miezi 9 au zaidi. Mkataba useme bima yalipia upasuaji na mazoezi ya kupona, na mshahara waendelea. Kukiwa na mstari kwamba klabu yaweza kukuacha ukiumia zaidi ya miezi kadhaa, uufute au usitie sahihi. Mimba nayo ina kanuni: tangu Januari 2021 FIFA yataka likizo isiyopungua wiki 14, angalau 8 baada ya kujifungua, kwa theluthi mbili za mshahara kwa uchache. Klabu isijifanye haijui.

Tena, mkataba ukishatiwa sahihi haupaswi kutegemea kufaulu vipimo vya daktari au kupata kibali cha kazi. Hayo klabu iyamalize kwanza. Wapo wanaosainisha wasichana kwa mstari huo kisha huwatupa baada ya wiki mbili za majaribio.

Mshahara ukichelewa, usibebe begi ukaondoka usiku. Ukiondoka bila utaratibu, mvunja mkataba ni wewe. Ngoja miezi miwili ya mshahara iwe imepita tarehe zake, iandikie klabu barua kuidai na uipe siku 15 kamili. Wasipolipa, hapo una sababu halali ya kuvunja na kupeleka madai FIFA. Mchezaji halipishwi gharama za shauri hilo, ila usikae zaidi ya miaka 2. Weka taarifa za benki, ujumbe wa simu, kila kitu. Pesa za bahasha ni mtego: hazina ushahidi, na siku ya kuondoka watakuletea karatasi ya lugha ngeni isemayo "nimelipwa zote". Usiisaini, hata kama wameshika tiketi yako mkononi. Nyumbani kuna KEFWA, chama cha wachezaji wa Kenya kilicho ndani ya FIFPRO, muungano wa vyama vya wachezaji duniani. Waandikie mapema, kabla hujafikia kulia.

Na kwa dada zetu wanaovaa hijabu: sheria za mpira zaruhusu kufunika kichwa tangu 2014, lakini Ufaransa shirikisho lao limekataza katika mechi zao, na Juni 2023 mahakama yao ya juu ya mambo ya serikali iliunga mkono katazo hilo. Jua kabla ya kuchagua nchi. Hakuna wakala atakayekutajia.

Sasa wewe mama yangu. Binti wa miaka 17 hahamishwi kwenda kucheza nje ya nchi. FIFA yaweka 18, na zile njia chache za pembeni, kama wazazi kuhamia huko kwa sababu zao zisizo za mpira, hazimhusu. Huyo bwana muulize nambari ya leseni yake ya FIFA, uitafute mwenyewe kwenye orodha yao. Wakala wa haki hula asilimia ya mshahara ulioingia, hali kiwanja cha watu. Akikwambia pesa ni za hati ya uhamisho wa kimataifa, hiyo hutolewa bure, huombwa na shirikisho la nchi anayokwenda na kujibiwa na FKF, shirikisho la mpira la Kenya, kwa mtandao. Akikwambia binti ataingia kwa viza ya utalii "kisha tutabadilisha", kumbuka viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen, yaani sehemu kubwa ya Ulaya, ni siku 90 ndani ya 180, na haimpi ruhusa ya kazi.

Najua kusema "msije" ukiwa umeshavuka ni rahisi, na wapo watakaosema nafunga mlango nyuma yangu. Sifungi. Huyo mtoto akiwa na mguu, aje. Esse Akida wa Harambee Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, amechezea klabu za Israeli na Uturuki, kwa hivyo njia ipo. Ila aje na mkataba mkononi, si na ahadi.

Kwa sasa pasipoti ishughulikieni Mombasa taratibu, hakikisheni klabu yake imemsajili FKF kwa jina na tarehe zilizo kwenye cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi, na mtu arekodi mechi zake nzima, dakika 90, kamera ikae juu kidogo isikimbizane na mpira. Mtihani wa Kidato cha Nne aufanye Novemba. Dirisha dogo la usajili Ulaya nchi nyingi ni Januari, na kubwa ni kiangazi. Akishatimiza 18, nitumie mkataba niusome kabla hajausaini. Kiwanja kiacheni.