Rozela, bitiruti na kisusio: vidonge vya damu aache?

SWALI: Nesi habari za kazi. Mke wangu ana mimba ya wiki 29, kliniki wamempima HB (kipimo cha wingi wa damu) ikaja 9.2, wakampa vidonge vya damu vya fefo asubuhi na jioni. Shida vinamtia kichefuchefu, choo kimekuwa cheusi na kigumu, kiungulia ndo usiseme. Mama yangu kashuka toka Kibosho na kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, anasema hicho kinatosha, na kuna dada anauza unga wa rozela na bitiruti, kopo elfu 15, eti wiki moja tu damu inajaa. Vidonge aache? – Baba mtarajiwa, Sakina, Arusha

JIBU: Asiache. Mfikishie mama shikamoo yangu, kisusio nakirudia hapo chini, ila acha kwanza nimalizane na hilo kopo la elfu 15 maana ndo linanipandisha presha kila siku ya kliniki.

Sijui nani alituambia kitu chekundu kinaongeza damu. Rozela nyekundu, bitiruti nyekundu, basi imeshakuwa dawa, kuna watu mpaka soda nyekundu wanampa mjamzito wakijua wanamsaidia. Sa nyanya je, mbona hakuna anayeziuza kwenye kopo? Damu inataka madini ya chuma, na chuma hakijali rangi ya kitu. Chukua bitiruti, gramu 100 zina chuma kama miligramu 0.8 hivi, wakati kidonge kimoja cha fefo kina miligramu 60. Piga hesabu mwenyewe kaka, ili afikie kidonge kimoja tu inabidi ale kilo saba na nusu za bitiruti kwa siku, yaani ukitoka nazo pale soko la Kilombero unakodi guta, na bado chuma cha kwenye mimea mwili unakichukua kwa shida. Kuna mama alikuja anacheka, nesi damu imejaa mpaka naikojoa, kumbe ni rangi ya bitiruti alizokula jana yake. Tukampima, 8.4.

Simaanishi asinywe juisi ya rozela akijisikia kiu. Lakini hiyo ni juisi.

Kisusio cha mama kina ukweli ndani yake na umwambie hivyo. Damu ya mbuzi ina chuma ambacho mwili unakivuta vizuri kuliko cha majani, wazee hawakuwa wajinga, sharti kiive kabisa maana damu mbichi kwa mjamzito hapana. Ila bakuli moja la Jumamosi halibebi kazi ya vidonge vya wiki nzima, kwahiyo ale kisusio na vidonge vyake ameze, mama asione tumemkataa.

Sasa hivyo vidonge. Choo cheusi kisikutishe, ni chuma kilichobaki kinapita zake. Nachotaka kujua ni anavimeza na nini, kwasababu ninavyowajua watu wa Arusha na baridi hii, saa kumi na mbili asubuhi mtu anawahi kifodi (daladala ndogo), kidonge mkono huu kikombe cha chai ya maziwa mkono huu, anasukumia. Chai inakishika chuma humohumo tumboni na maziwa nayo yanachangia, kinachofika kwenye damu ni kidogo sana, yaani anapata mateso yote ya dawa bila faida yake. Chai isogezwe mbele saa moja au mawili. Ameze kwa maji, na chungwa au embe pembeni, hiyo vitamini C inasaidia chuma kuingia. Kichefuchefu kikizidi basi cha jioni akimeze akiwa anapanda kitandani, ameshakula kidogo, usingizi unamchukua kabla tumbo halijaanza vituko vyake. Choo kigumu ni maji mengi, papai, parachichi, mchicha, vitu ambavyo huku kwetu hatuvitafuti mbali. Na hicho kiungulia, najua anatafuna vidonge vya magnesi, sawa, ila asivichanganye na fefo, aachanishe kama masaa mawili maana navyo vinazuia chuma. Vikimshinda kabisa arudi kliniki aseme, kuna aina nyingine za chuma, tunabadilisha, asijiamulie kimyakimya nyumbani.

Halafu, kistaarabu tu bila kumfokea, muulize kama anakula udongo. Vile vipande vya kahawia vinafungwa kwenye kona ya kitenge, vinakaa ndani ya mkoba, mume hajui mpaka anajifungua. Ile hamu yenyewe mara nyingi ni dalili kwamba chuma kimepungua, na udongo ukishafika tumboni unakamata hata kile kidogo anachomeza, na ukiwa mchafu unamletea minyoo inayomnyonya damu zaidi. Kama hajapewa dawa ya minyoo kwenye mimba hii waulizie.

Utaambiwa na majirani kwamba damu kushuka ni kawaida ya mimba. Nusu kweli. Miezi hii maji ya kwenye damu yanaongezeka kuliko chembe nyekundu, kwahiyo HB inateremka kidogo kwa karibu kila mtu, ila mstari wetu ni 11 na 9.2 iko chini yake. Tena Arusha tupo juu, kama mita 1,400 toka usawa wa bahari, na mtu wa mwinuko kawaida damu yake inatakiwa iwe juu kidogo kuliko ya mtu wa Tanga.

Hawa wauza unga wanachonikera sio hela tu. Ni muda. Hata dawa yenyewe ikimezwa vizuri inachukua wiki tatu nne HB ipande kama gramu moja au zaidi kidogo, hakuna kinachojaza damu kwa wiki moja isipokuwa chupa ya damu ya mtu mwingine. Mjamzito akikaa na unga wiki sita anatuletea kopo la Blue Band limejaa vidonge vya toka mwezi wa nne, havijaguswa, yuko wiki ya 37, HB 7 kasoro. Kujifungua kwa kawaida unaweza kupoteza nusu lita ya damu, mwenye 11 anasimama anadai mtori, huyu mwenye 7 hiyohiyo nusu lita inamwangusha. Saa nane usiku ndugu wanapigiana simu nani ana grupu O, na yule dada wa unga simu haipokelewi.

Kwahiyo wiki ya 33 mwende apimwe tena. Kabla ya hapo akianza kuhema akipanda ngazi mbili tatu, moyo unamdunda amekaa tu, au anaona kizunguzungu cha kuanguka, usisubiri tarehe ya kwenye kadi, mpeleke siku hiyohiyo. Na kama kopo mlishanunua njoo nalo kliniki usione aibu, nataka nisome wameandika nini humo, maana mengine hayana hata lebo.