Maswali na Majibu: Sinki, jiko la gesi na friji kwenye jiko la mita 2 kwa 3

SWALI: Habari za kazi, mhandisi. Namalizia nyumba yangu na jiko ni dogo, mita 2 kwa 3. Mlango uko ukuta mfupi, kona ya kulia. Dirisha liko ukuta unaoutazama mlango, na chemba ya majitaka iko nje upande huohuo. Ukuta wa kulia unapakana na bafu, wa kushoto uko nje. Fundi anataka sinki likae ukuta wa kulia karibu na mlango, maana bomba la maji la bafuni linapita hapo. Nina jiko la gesi la mezani la plate mbili, mtungi wa kilo 15 na friji. Nipange vipi kabla hajamwaga zege la kaunta? – Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Hongera kwa kufika hatua hiyo, mama, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya zege.

Fundi wako anafuata maji safi. Mwambie afuate majitaka. Maji safi yana msukumo wa tangi. Bomba la nusu inchi atalipitisha ukutani, alikunje kona, nayo yatafika. Maji yaliyooshea vyombo hayasukumwi na kitu ila mteremko, na yamebeba mafuta na mabaki ya ugali. Sinki likikaa karibu na mlango, bomba la kutolea litalazwa chini ya sakafu kwa urefu wa karibu mita 3 ndipo litoke nje. Siku mafuta yakiganda humo, utavunja vigae. Likikaa chini ya dirisha, bomba linatoboa ukuta na kushuka moja kwa moja. Tumia bomba la inchi 2, mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, na nje liwekewe kifuniko cha kuzibulia. Chini ya sinki usikubali bomba lililonyooka. Lile pindo linalobaki na maji ndilo linalozuia harufu na mende wa chemba.

Basi sinki dirishani, kisha kaunta ikunje kona kufuata ukuta wa kushoto. Ukuta huo una sentimita 300. Kona inakula 60. Zinazofuata 80 ziache wazi kabisa, zisiwekwe hata birika. Hapo ndipo utakatia mboga, utachambulia mchele na kupakulia, na jiko lisilo na nafasi hiyo kati ya sinki na moto linachosha hata likiwa kubwa. Halafu 65 za jiko la gesi, 30 za kutulia sufuria ya moto, na 65 za mwisho, karibu na mlango, ni za friji. Watoto watachukua maji ya kunywa bila kukupita ukiwa na mafuta yanayochemka. Friji iachie nafasi ya sentimita 5 hivi nyuma ili ipumue, na mlango wake ufungukie upande utakaokuachia njia. Friji nyingi huruhusu bawaba kuhamishwa.

Hapo penye jiko la gesi ndipo mafundi wengi huharibu. Kaunta yote humwagwa kwa kimo cha sentimita 85 au 90, kisha jiko la mezani linapandishwa juu yake. Jiko lenyewe lina kama sentimita 12, sufuria 15. Mdomo wa sufuria unafika 112 au zaidi. Jaribu kusonga ugali wa watu watano kwenye kimo hicho: kiwiko kinapanda hadi usawa wa bega, na unasonga kwa mkono mtupu bila uzito wa mwili. Kipande cha kaunta cha jiko la gesi kishushwe hadi kimo cha sentimita 65 au 70. Fundi akikataa kwa kuwa fomu (mbao za kumwagia zege) itamsumbua, shikilia msimamo. Wewe ndiye utakayesonga.

Jiko la gesi lisikae chini ya dirisha. Upepo unazima moto, gesi inaendelea kutoka, na pazia liko jirani.

Mtungi uweke nje ya ukuta wa kushoto, umesimama, kwenye kibanda chenye uwazi chini. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa chini na kuingia mashimoni, kwa hiyo usiusogeze upande wa chemba. Kwenye ukuta ipite kwa bomba la shaba. Mpira ubaki kipande kifupi tu cha kuunganishia jiko, mahali unapoweza kuukagua.

Soketi zikae juu ya kaunta, angalau sentimita 30 kutoka ukingo wa sinki. Ya friji iwe peke yake, na uweze kuifikia bila kuvuta friji.

Ukuta wa kulia uache bila kaunta. Ukitoa sentimita 60 za kaunta unabaki na njia ya mita 1.4, inayotosha watu wawili kupishana, na pipa la maji ya siku za mgao litapata pa kukaa.