Nyumba ya familia Ilala na mwekezaji wa ghorofa: yaliyotupata sisi

Mkuu, umeuliza kama mkubali mwekezaji abomoe nyumba ya marehemu babu yenu hapo Ilala ajenge ghorofa 10, nyie mpewe apatimenti 4 na pesa ya kupanga kwingine kwa miaka 2. Umesema pia mama yako mkubwa amegoma kusaini na ndugu wanamwona anawachelewesha. Nyumba yetu ilikuwa mitaa michache kutoka hapo, upande wa Bungoni, na sisi tulisaini 2014.

Ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama unazozijua: vyumba sita, vitatu kushoto, vitatu kulia, ukumbi katikati, na uani kuna jiko na choo. Bibi alikaa chumba cha mbele, na kila alfajiri alikaanga vitumbua barazani. Vyumba vinne vilikuwa na wapangaji: fundi cherehani, dada aliyeuza samaki wa Feri, mpagazi na mkewe, na mzee mmoja aliyehamia pale kabla mimi sijazaliwa. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo iliyonisomesha. Mwekezaji alipokuja na dalali wake alizungumzia kiwanja tu, ukubwa wake na umbali wake kutoka Kariakoo. Na sisi, polepole, tukaanza kukiita kiwanja.

Hati ilikuwa bado kwa jina la babu. Mirathi ikafunguliwa haraka Mahakama ya Mwanzo, baba mkubwa akateuliwa msimamizi, na wengi wetu tukadhani kuanzia hapo mali ni yake. Si hivyo. Msimamizi anakusanya mali na kuwagawia warithi, na anawajibika kwao. Lakini aliitwa ofisini, akawekewa mkataba mrefu wa Kiingereza, akasaini mbele ya wakili aliyeletwa na mwekezaji. Upande wetu hatukuwa na wakili hata mmoja.

Kosa lililotugharimu kuliko yote ni kumkabidhi mwekezaji hati halisi. Ndani ya mkataba kulikuwa na kipengele kinachomruhusu kuiweka rehani benki apate mtaji, na hakuna kati yetu aliyekisoma. Ujenzi ukafika ghorofa ya nne, ukasimama zaidi ya mwaka. Pesa ya kupanga tulipewa ya miezi 18 tu, ikaisha huku nondo zinapata kutu. Bibi akahamia kwa shangazi, Chanika. Mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu hadi Hospitali ya Amana sasa alihitaji daladala na mtu wa kumsindikiza. Alifariki 2017, jengo halijaisha. Mpaka leo hili linaniuma.

Lilikamilika 2019. Tukapata apatimenti tatu, zote upande wa nyuma, na fremu zote za maduka za chini zikabaki za mwekezaji. Hapa nakuomba utulie kidogo. Ilala pesa ipo chini, kwenye fremu. Fremu moja inayotazama barabara inapata mpangaji upesi na analipa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, wakati apatimenti ya juu inaweza kukaa tupu huku ikidaiwa kila mwezi: lifti, jenereta, mlinzi, usafi, pampu ya maji. Shangazi alishindwa kulipa michango hiyo akauza yake kwa bei ya kutupa. Binamu naye akauza. Imebaki moja, na hati yake tuliisubiri miaka mitatu baada ya kukabidhiwa funguo.

Sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ipo tangu 2008, na inaruhusu kila apatimenti na kila fremu kuwa na hati yake. Kwa hiyo msikubali maneno ya "mtapewa zenu". Mkataba utaje namba ya kila sehemu, ghorofa yake, ukubwa wake kwa mita za mraba, na tarehe ya mwisho ya kupata hati. Pesa ya kupanga iendelee mpaka siku ya kukabidhiwa funguo, hata jengo likichukua miaka mitano. Hati ikae kwa wakili wenu, na rehani isiwekwe bila saini za warithi wote. Kuhusu vibali, mkandarasi na mhandisi waliosajiliwa, sidhani kama nahitaji kusema mengi baada ya jengo lililoanguka Kariakoo Novemba 2024.

Halafu wapangaji. Kwenye uzi wako hujawataja, na sisi pia hatukuwataja. Tuliwapa mwezi mmoja. Fundi cherehani alikuwa na wateja wa mtaa mzima, akaenda Kivule akaanza upya akiwa na miaka zaidi ya 50. Mwekezaji alikuwa tayari kutulipa sisi miezi 18 ya kupanga. Kama tungemwambia aweke miezi sita kwa kila mpangaji, sidhani kama angekataa. Hatukuomba. Nyie ombeni, na iandikwe.

Angalia waliokuwa wapangaji wa Magomeni Kota, zile nyumba za zamani za umma hapa Dar. Waliondolewa 2011, wakahangaika zaidi ya miaka kumi, lakini kaya zilikuwa zimehesabiwa, 644, na orodha hiyo ndiyo waliyoishikilia miaka yote mpaka maghorofa mapya waliyojengewa hapo yakazinduliwa 2022. Kwenye nyumba yetu hakuna aliyeandika jina la mpangaji yeyote popote.

Sikwambii mkatae. Nyumba ya udongo iliyopigwa plasta haikai milele, na maji ya mvua yalikuwa yakiingia kwetu kila masika. Ila huyo mama mkubwa msimzunguke. Kaeni naye, muulizeni anaogopa nini hasa, mkiandike, kisha mpelekeeni wakili wenu akigeuze kuwa kipengele. Kwetu aliyeogopa alikuwa Bibi. Aliuliza swali moja tu kwenye kikao, "nitakaa wapi wakichelewa?", na tukamjibu kwamba hawatachelewa.

Nakala ya mkataba wetu ninayo. Nitumie ujumbe nikupe, mpelekee wakili wenu aone vipengele vya kukataa.